Unga wa upupu ulinituliza mkono, kisha ukaniangusha

Mhariri,

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu wa barua kama ni kweli unga wa upupu unatibu ugonjwa wa kutetemeka, ule uitwao Parkinson. Alijibiwa na watu wawili. Wa kwanza alimwambia anywe bila wasiwasi, ati ni mmea tu, hauna kemikali. Wa pili alimcheka, akasema mambo ya mbegu na mizizi tuwaachie waganga wa vichochoroni. Mimi nina ugonjwa huo, na unga huo nimeunywa miezi minne. Wote wawili wamekosea, na aliyekosea zaidi ni yule wa kwanza. Naomba nafasi nieleze.

Niombe radhi mapema: anayeandika hapa ni mpwa wangu. Mimi nasema, yeye anachapa kwenye simu, na pale anapotaka kunipamba namkataza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mumias. Nimeshona sare za shule tangu 1984, kaptura za kaki na marinda ya bluu, na cherehani yangu ni ile Singer ya kukanyaga ambayo haijui stima imepotea au imerudi. Januari ndiyo mavuno yangu. Mwezi huo naweza kulala saa nne kwa siku, na mama watoto analeta chakula dukani.

Mwaka 2019, Ramadhani, niliyeketi naye msikitini aliniuliza kwa nini navuta tasbihi imamu akiwa anahutubu. Sikuwa na tasbihi. Kidole gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana vyenyewe, punje baada ya punje ambayo haipo. Niliuficha mkono ndani ya kanzu nikadhani ni njaa ya saumu.

Halafu likaja la daftari. Mimi huandika vipimo vya wateja kwenye daftari la kurasa mia, kiuno, urefu, bega. Mstari ulianza kwa tarakimu za ukubwa wa punje ya mahindi ukaisha kwa za ukubwa wa mtama. Sikuona hilo mimi. Aliliona mwanafunzi wangu wa ushonaji aliposoma 24 pale nilipoandika 26, tukakata kaptura kumi na mbili za shule moja na hakuna hata moja iliyofunga kifungo. Kitambaa kile nililipa mwenyewe. Mwaka huohuo niliunguza blauzi kwa pasi ya makaa hadi ikatoboka, na aliyenusa moshi ni muuza mitumba wa duka la pili. Mimi nimesimama juu ya pasi, sinusi kitu. Baadaye daktari aliniambia pua huweza kutangulia mkono kwa miaka katika ugonjwa huu, lakini nani angejua? Mtu hapeleki pua hospitali.

Maneno yalisemwa. Wengine walisema nakunywa pombe kwa siri, wengine jini, wengine wakamtaja fundi mwenzangu wa karibu na steji kwamba amenifunga mikono ili achukue tenda za shule. Nilikaribia kuamini hilo la mwisho, Mungu anisamehe. Kilichonitoa huko ni kumkumbuka Muhammad Ali. Sisi wa rika langu tulimwona kwenye televisheni akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, mkono mmoja umeshika mwenge na mwingine unatetemeka kama jani. Ugonjwa wake ulitajwa 1984, mwaka ambao mimi nilinunua cherehani. Sasa nani alimroga bingwa wa dunia, fundi wa Mumias?

Nilikwenda Kisumu. Daktari, binti mdogo kuliko wangu wa mwisho, hakunitoa damu ili kuutafuta ugonjwa wenyewe. Aliniambia nifungue na kufunga vidole upesi, nigonge sakafu kwa kisigino, niandike jina langu mara tano, nitembee ukumbini hadi dirishani na kurudi. Alitazama mkono wa kulia ambao haukupepea nilipotembea. Kisha akasema jina la ugonjwa, na kwamba jina hilo ni la daktari Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembechembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, na ndicho kinachoufanya mwendo uwe laini. Zangu zinakufa, na kufikia siku mkono unapoanza kucheza, nyingi zimeshakufa. Dawa ya kuzifufua haipo duniani. Kuna vidonge vya kuujazia ubongo ulichopungukiwa.

Vidonge hivyo vina vitu viwili, levodopa na kabidopa. Levodopa ndiyo inayogeuka dopamini ikifika kichwani. Shida ni njiani. Kazi ya kabidopa mpwa wangu, ambaye anasomea ufamasia, alinieleza kwa mfano ambao mtu wa Mumias hawezi kuusahau: ni kama trela la miwa. Likitoka shambani limejaa, watoto wanalifuata wakichomoa miwa, na likifika kiwandani limepungua. Levodopa ikienda peke yake, sehemu kubwa inageuzwa dopamini mwilini kabla ya kufika kichwani, na hiyo inayogeuzwa njiani ndiyo inayoleta kichefuchefu. Kabidopa ni yule askari anayekaa juu ya trela na fimbo. Ukiwa naye, unahitaji miwa michache sana kukifikishia kiwanda mzigo uleule.

Naomba msomaji aukumbuke mfano huo. Ndio ulioniangusha.

Vidonge vilinisaidia mwaka mzima na zaidi. Kisha vikaadimika. Hapa kwetu hakuna, Kakamega hakuna, Kisumu vilipatikana kwa bei iliyopanda hadi mwezi mmoja wa dawa ukanila faida ya sare saba. Zahanati ya serikali iliyo karibu nami haijawahi kuwa navyo hata siku moja. Kule watakupa ya presha, watakupa ya malaria, hii wanakutazama kama umeitisha dhahabu.

Hapo ndipo alipotokea kijana wa kipaza sauti, siku ya soko. Alikuwa na mikebe ya plastiki yenye vifuniko vya kijani. Ukimsikiliza, unga ule ulitibu kisukari, presha, mgongo, nguvu za kiume, na kutetemeka. Nilimuuliza ni mmea gani. Akasema upupu.

Nilicheka kwanza. Nani asiyejua upupu? Nilipokuwa darasa la sita mtu alipaka vumbi la maganda yake kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu, na darasa zima tukachapwa kwa sababu hakuna aliyesema ni nani. (Alikuwa ni mimi. Mwalimu ameshafariki, naweza kusema.) Lakini kuna upupu mwingine usiowasha, ule ambao maafisa wa kilimo walitushawishi kuupanda ili urutubishe shamba na kuua magugu, wakauita mukuna. Kaka yangu aliupanda katikati ya mahindi. Mbegu zake nene, zinang'aa kama vifungo vya koti. Tuliambiwa tusizile hivihivi. Kwa hiyo sikumwona kijana yule kama mwongo. Nilinunua mkebe mmoja.

Kibandiko kilisema kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku tatu sikuona lolote. Siku ya nne nikatia vijiko vitatu vya kujaza ndani ya uji, saa mbili na nusu asubuhi, nikafungua duka.

Ni lazima nieleze sindano. Tangu mkono uharibike, mama watoto alikuwa ananitungia sindano kumi kila asubuhi, kila moja na uzi wake, anazichomeka kwenye kitambaa cha sponji kando ya cherehani. Zikiisha kumi, kazi ya mkono imeisha. Siku ile, kitu kama saa tatu na robo, nilichukua sindano tupu bila kufikiri. Nikailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, nikaisokota, nikaipeleka kwenye tundu. Ikapita. Nikaichomoa makusudi, nikaitunga tena. Ikapita tena. Nilitunga sindano sita nikazipanga mezani kama mtoto anayepanga vizibo vya soda, na mteja aliyekuwa amesimama mlangoni akaniuliza, "Fundi, kwani leo unauza sindano?"

Kwa hiyo yule anayecheka na kusema ni ushirikina, nimwambie wazi: si ushirikina. Ulifanya kazi.

Mkebe wa pili niliununua kwa kijana yuleyule. Unga ulikuwa mweusi zaidi. Vijiko vitatu, hakuna kitu. Vinne, hakuna kitu ila kutapika. Labda mbegu ziliungua kwenye kikaango, labda alichanganya na unga mwingine ili mkebe ujae. Siku mbili nilikuwa mgumu kama ubao. Kufika mlangoni mwa duka miguu inaganda, kiwiliwili kinataka kwenda na nyayo zimeshikwa na gundi. Nilisimama pale kizingitini watu wakinipisha kushoto na kulia.

Mkebe wa tatu ulikuja wakati mmoja na vidonge. Mpwa wangu alikuwa amevipata Kisumu. Mtu mwenye akili angechagua kimoja. Mimi nilikuwa nimechoka kuogopa kuishiwa, nikaona nitumie vyote, kidonge kwa sababu ni dawa na unga kwa sababu "ni chakula". Siku mbili za kwanza nilijisikia kijana. Siku ya tatu, saa nane mchana, bega la kulia lilianza kujizungusha. Kisha shingo. Mguu ukaruka kutoka kwenye pedali na sindano ya cherehani ikakatikia ndani ya kaki. Watoto waliotoka shule walisimama dirishani wakipiga makofi, "Fundi anacheza! Fundi anacheza!" Niliposimama kuwafukuza, dunia ikawa nyeusi. Nilidondoka na pasi. Alama ya ncha yake iko hadi leo kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, pembetatu ndogo, nyeusi, kama nembo ya shule.

Daktari hakunigombeza. Aliushika ule mkebe, akaugeuza, akasoma kibandiko, akaniuliza nimekunywa kiasi gani. Nikamwambia vijiko vitatu. Akauliza, "Kijiko kipi, mzee?" Sikuwa na jibu. Mimi ambaye nimemkemea mwanafunzi wangu miaka mingi asikate kitambaa kwa kukadiria kwa macho.

Aliniambia kwamba mbegu za upupu zina levodopa. Haifanani tu na ile ya kidonge, ni hiyohiyo. Wahindi wamewapa watu wanaotetemeka mbegu hizo karne nyingi, na mwaka 1937 wanakemia wa huko walikitoa kitu chenyewe ndani yake. Kwa hiyo nilikuwa nakunywa dawa moja mara mbili. Na hapo ndipo trela la miwa linaporudi. Unga peke yake hauna askari. Ndiyo maana nilihitaji vijiko vitatu, na ndiyo maana nilikuwa natapika. Nilipomeza kidonge pamoja nao, yule askari wa kwenye kidonge aliulinda na mzigo wa unga. Uliofika kichwani ulikuwa mara nyingi ya ule niliouzoea, na ubongo ukaupokea kwa kunichezesha ngoma ambayo sikuiomba. Presha nayo ikashuka niliposimama.

Nyumbani mpwa wangu alichukua kijiko changu na mzani mdogo wa chuo. Kijiko cha kwanza cha kujaza kilitoa gramu 4. Cha pili, mkono wangu uleule, mkebe uleule, karibu 7. Akaniambia mbegu zenyewe hutofautiana, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 6 ya levodopa. Akapiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo: kijiko kimoja kinaweza kunipa miligramu 120 au 420, na kwa macho sitajua ni kipi. Kidonge changu kina 250. Jana kilikuwa na 250 na kesho kitakuwa na 250. Mimi simshonei mtoto kaptura ya kiuno "kati ya 20 na 60".

Nisije nikaonekana nimegeuka adui wa mmea huu. Mpwa wangu amenisomea kwamba London mwaka 2004 wagonjwa wanane walipewa unga uliopimwa, gramu 15 au 30, na ule wa gramu 30 ukashika upesi kuliko kidonge na ukadumu zaidi. Bolivia, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu zilizokaangwa tu, bila kiwanda, ukaenda sawa na vidonge. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawafikiria watu kama sisi, ambao vidonge haviwafikii. Lakini walipojaribu kwa wiki 16 na wagonjwa 14, saba waliacha, baadhi kwa tumbo na wengine kwa sababu mwendo wao ulikuwa unaharibika. Na hao walikuwa na mzani, na daktari kando. Kijana wa kipaza sauti ana kijiko cha nani?

Kuna jingine ambalo hakuna aliyeniambia hadi nikaanguka. Levodopa, iwe ya kidonge au ya mbegu, hugombania mlango mmoja na protini. Mimi nilikuwa nautia unga kwenye uji wa maziwa, na kidonge cha mchana nakimeza juu ya maharagwe, halafu Ijumaa baada ya pilau ya nyama nashangaa kwa nini nimekakamaa. Sasa nameza nusu saa au zaidi kabla ya kula, saa zilezile kila siku. Saumu imamu ameniambia niache, nalisha maskini badala yake. Lilinichoma kuliko pasi, lakini nimelikubali.

Kama msomaji yule ananisoma, na kama ameshaanza huo unga, simwambii aumwage leo kwa hasira. Auchukue mkebe wenyewe aupeleke kwa daktari wake, aseme ukweli, hata kama anaogopa kuchekwa. Kitu ambacho asifanye ni kuacha vidonge ghafla ili ahamie kwenye unga. Kuacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa hadi ulazwe hospitali. Na wanaouza, waache kusema haina kemikali. Ingekuwa haina, nisingetunga sindano sita.

Kwa wakubwa wa afya wa kaunti nina neno moja tu. Mtu haendi kwa kipaza sauti kwa sababu ni mjinga. Nilikwenda kwa sababu vidonge havikuwepo. Vikiwekwa kwenye zahanati kama vilivyowekwa vya presha, yule kijana atarudi kuuza ya mgongo.

La miguu nimelipatia dawa isiyouzwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Kisumu aliniambia ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe unaweza kuianza ukiwekewa kitu cha kuruka mbele yake. Alitumia vipande vya utepe wa gundi alivyobandika sakafuni. Mimi nina chaki ya fundi. Kila asubuhi mwanafunzi wangu anachora mistari mitano sakafuni, kutoka meza ya kukatia hadi mlangoni, inchi 18 kwa 18, kwa kutumia futi. Nikifika pale nyayo zinapotaka kuganda, natazama mstari, nauvuka, wa pili, wa tatu, niko nje. Mama watoto anasema natembea kama jogoo kwenye matope. Sawa tu.

Kwa hiyo kama huyo msomaji ni wa huku kwetu, apite dukani tuzungumze. Aje baada ya saa tatu, kidonge cha asubuhi kikiwa kimeshika. Kabla ya hapo mimi si mtu wa kuongea naye. Na akiingia, tafadhali aruke ile chaki ya mlangoni, asiifute.

Fundi wa sare,
Mumias, Kaunti ya Kakamega